Maswali ya Wasomaji: Saa za Ziada Hulipwaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika bekari moja hapa Tabora mjini kwa mshahara wa shilingi 273,000 kwa mwezi. Ninaingia saa 10:00 alfajiri na kutoka saa 9:00 alasiri, siku sita kwa wiki, na katikati tunapewa saa moja ya kula na kupumzika. Tunapotoka bosi humpa kila mmoja mikate miwili, na tukimwuliza kuhusu malipo ya saa za ziada hujibu kwamba mikate ndiyo hayo malipo, na kwamba mshahara umeshajumlisha kila kitu. Je, ni kweli?
Mwokaji, Tabora

JIBU: Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya chakula yakiwa nje ya hesabu, na kila saa inayozidi hapo hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mshahara wa msingi ni ujira wa saa za kawaida peke yake, kwa hiyo mwajiri hawezi kuuchukua huohuo akasema umelipia na saa zilizozidi. Mikate ni ukarimu, wala hatukushauri uikatae, lakini haiingii katika hesabu hii.

Ili kupata thamani ya saa moja, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa 45. Kwa njia ya mkato, gawanya kwa 195. Kwako inatoka shilingi 1,400, na saa ya ziada inakuwa shilingi 2,100. Unafanya saa 10 kwa siku, yaani 60 kwa wiki, na 15 kati ya hizo ni za ziada. Katika wiki nne zinafika 60, ambazo ni shilingi 126,000 juu ya mshahara wako. Tena, sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, na kila saa ya usiku huongezewa asilimia 5. Saa zako mbili za alfajiri zina nyongeza ya shilingi 70 kila moja. Ni kidogo, lakini ni haki yako.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, na hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne, kwa hiyo ratiba yenu inakiuka sheria hata kama bosi angelipa kila senti.

Anza kwa kumwandikia barua yenye hesabu hiyo na ubaki na nakala. Tunza ujumbe wa simu unaoonyesha saa za kuingia na kutoka. Asipokubali, jaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usikawie: madai ya namna hii hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Wengi husubiri mpaka wafukuzwe ndipo wadai saa za miaka mitatu, na hapo muda ndio unaowaangusha.

SWALI: Nina vijana wanne wanaoanika na kufungasha dagaa Kibirizi, Kigoma. Wako nami mwaka wa pili, ila ni vibarua tu. Siku za giza mzigo huwa mkubwa na hufanya kazi mpaka usiku. Mbalamwezi ikiwaka boti hazitoki, nao hukaa bure huku nikiwalipa. Je, siwezi kufidia saa za giza kwa siku hizo?
Mfanyabiashara, Kigoma

JIBU: Hoja yako ina mantiki ya ziwa, lakini si ya sheria. Kusawazisha saa za wiki nyingi na zile chache kunaruhusiwa kwa mkataba wa hali bora unaofungwa na chama cha wafanyakazi, si kwa maneno ya mwaloni. Njia iliyo wazi kwako ni makubaliano ya maandishi ya wiki iliyobanwa: kijana anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, chakula kikiwemo, bila malipo ya ziada, mradi asizidishe siku 5 wala saa 45 za kawaida katika wiki hiyo.

Neno kibarua halikusaidii. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, mtu aliyekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Wala uchache wao haukuondoi katika wajibu huu. Nunua daftari, waandike saa ya kuingia na ya kutoka, na kila mmoja aweke sahihi, kwani usipokuwa na kumbukumbu utapata shida kuyapinga madai yao.

Boti zikiingia siku yao ya mapumziko ya wiki au siku ya Idd, saa hizo ni mara mbili.