Barua kwa mwanangu: kabla hujawa mwenyeji wa meza ya poka

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima. Mama yako goti limepungua kuuma, na amesema nisisahau kukuandikia kwamba kanga zimefika.

Umeniuliza jambo moja kwa uwazi, nami nimelifurahia. Umeshakwenda mara kadhaa na wenzako wa hospitali kwenye klabu ya karata hapo San Jose, umeipenda poka, wagawaji wameanza kukuita kwa jina, na sasa unataka kuwa mwenyeji, mtu wa pale, uende kila Ijumaa. Unajua niligawa karata Gardena, ule mji karibu na Los Angeles, miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo unataka ukweli wangu: inafaa au haifai?

Inafaa, mwanangu, ikiwa utaielewa bei yake na ukakubali kuilipa. Naanza na bei kwa sababu wengi niliowagawia hawakuwahi kukaa chini wakaipiga hesabu.

Sheria ya California hairuhusu klabu kuwa na dau lake mezani. Klabu inakupa kiti, mgawaji na ulinzi. Fedha zinahama kutoka kwa mchezaji kwenda kwa mchezaji. Gardena iliishi kwa utaratibu huo tangu 1936, na kuna wakati mji ule mdogo ulikuwa na klabu sita. Zama hizo ilikuwa poka ya karata tano za kubadilisha tu. Hii Texas Hold'em unayoicheza wewe, ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, iliruhusiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Na kwa kuwa klabu haina dau lake, poka si sawa na ile mikeka ya mpira inayowamaliza vijana wetu huku. Kwenye mkeka unapambana na kampuni iliyopanga namba zake ili ifaidike. Mezani unapambana na fundi bomba, mwalimu mstaafu, kijana wa kompyuta, na ukiwa makini kuwazidi unaweza kuwazidi kweli.

Lakini klabu nayo lazima ile. Inatoza ada kwa kila raundi, kiasi kilichotangazwa kabla karata hazijagawiwa. Ni kama ushuru wa soko: aliyeuza na asiyeuza wote wameuchangia. Tuseme ada ni dola 5, na dola 1 nyingine ya jakpoti, ule mfuko wa zawadi. Mgawaji mzuri anamaliza raundi kama 30 kwa saa. Hizo ni dola 180 zinazotoka mezani kila saa. Mkiwa wachezaji 9, kila kiti kinagharimu wastani wa dola 20 kwa saa. Ukikaa saa nne, dola 80. Ijumaa 50 za mwaka, dola 4,000. Punguza kidogo, kwa sababu zipo raundi zinazoisha mapema na ada yake huwa ndogo. Halafu ongeza ile dola moja ambayo mshindi humpa mgawaji. Utarudi palepale.

Maana yake ni kwamba ukicheza sawasawa na wenzako, usiwazidi wala wasikuzidi, bado mwisho wa mwaka umepungukiwa. Mchezaji wa wastani analipia burudani. Sioni aibu katika hilo. Watu wanalipia ukumbi wa mazoezi, wanalipia safari. Ila alipie akijua analipia, na asijidanganye kwamba anatafuta riziki.

Kwa hiyo kaa na mshahara wako wa uuguzi, toa kodi ya nyumba, toa bima, toa karo ya mdogo wako uliyoahidi, toa akiba. Fedha yenye jina isikanyage pale klabu hata kwa usiku mmoja. Kinachobaki bila jina, kata sehemu, ugawe kwa Ijumaa za mwezi. Kama kiasi hicho hakitoshi kununulia chipu, vile vidude vya kuchezea badala ya fedha taslimu, za meza ndogo kuliko zote, basi nenda mara moja kwa mwezi. Utajulikana tu, wagawaji hawasahau sura.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe. Umesema unasoma vitabu na kujifunza hesabu za karata. Vizuri. Basi zitazame hesabu hizi kwa jicho la mtu anayekaa saa nne kwenye kiti. Karata mbili unazoanza nazo zinaweza kuja kwa namna 1,326. Ree mbili zinakuja mara moja katika raundi 221. Kwa mwendo wa raundi 30 kwa saa, ni saa saba na zaidi. Jozi yoyote, iwe kubwa au ndogo, ni mara moja katika 17, yaani chini ya mara mbili kwa saa. Utakaa mezani usiku mzima usione ree mbili, na hakuna aliyekuonea.

Hapo ndipo watu wanapoteza fedha zao. Nilikaa katikati ya meza, nikitazama karata zikifunuliwa mwisho wa raundi, na nakuambia kwa yakini: wanaoshindwa kwa kutojua kanuni ni wachache. Wengi wanajua kabisa kwamba mfalme na nne za rangi tofauti si karata za kuchezea. Wamechoka kungoja. Wametoka kazini, wameendesha gari, wamenunua chipu, na sasa wamekaa dakika arobaini wanatupa tu. Mkono unawasha. Wanaingia na mfalme na nne, mfalme mwingine anatokea mezani, na wanamlipa mwenye mfalme na ree mpaka chipu ya mwisho. Mchezaji makini kwenye meza ya watu tisa anatupa karata zake zaidi ya mara saba katika kila kumi. Kama huwezi kukaa kwa raha huku unatupa, unaangalia wenzako, unakumbuka nani alitisha na nani alifuata, basi mchezo huu utakuwa mzigo kwako.

Ukishaweza, utamu wake ni mkubwa. Nadhani ndio uliokuvuta, maana tangu utoto, tukicheza arubastini barazani kwa mjomba, ulikuwa unakumbuka kila shupaza iliyopita. Poka inamlipa mtu wa aina hiyo. Ukicheza baada ya wenzako kucheza, umeshaona walichofanya. Karata zilezile zina thamani nyingine ukiwa wa mwisho kucheza. Hili lisome kuliko kitu kingine chochote.

Na bado utafanya kila kitu sawa ushindwe. Weka fedha zote na ree mbili, mwenzako ana wafalme wawili: katika mara 100, kama mara 18 atakushinda. Hizo mara 18 zinaweza kufuatana. Nimewaona watu wazima wenye heshima zao wakigeuka hapo hapo: wanatupa karata kwa nguvu, wanamlaumu mgawaji, wanakwenda mashine ya fedha ukumbini. Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa bustani za maua, Mmarekani wa asili ya Kijapani kama wengi wa Gardena. Alikuja asubuhi, akanunua chipu za kiasi kilekile siku zote, akaagiza chai. Zikiisha, hata kama zimeisha robo saa baada ya kukaa na kwa karata ya bahati mbaya kabisa, alisukuma kiti, akaniambia kwaheri kwa jina langu, akaondoka. Hakununua tena siku hiyo. Wachezaji waliokuwa hodari kuliko yeye walikuja na kupotea, wengine tukisikia wana madeni, yeye akaendelea kuja. Nataka uwe kama yule mzee. Umahiri utaujenga taratibu. Kuinuka anza nako Ijumaa hii.

Kuhusu adabu, mambo machache nisemee kwa sababu wenyeji hupimwa hapo. Ngoja zamu yako hata kama umeshaamua kutupa, kwa kuwa ukiwahi unampa mtu habari asiyostahili. Ukipandisha dau, tamka kwanza, kisha sogeza chipu zote kwa mkupuo mmoja. Weka chipu moja juu ya karata zako, maana mgawaji aliyechoka anaweza kuzizoa akidhani umezitupa. Ukiwa na karata za kushinda, zifunue mara moja, usimchezee aliyeshindwa. Na kamwe usimfundishe mtu aliyekosea. Kamwacha mkewe nyumbani kuja kustarehe, si kusahihishwa.

Kule wana desturi ya kutaka Kiingereza kitupu mezani raundi ikiwa inaendelea. Ukienda na yule rafiki yako wa Mombasa, Kiswahili chenu kiacheni mpaka karata zikusanywe, hata kama mnasemezana habari za pilau. Watu hawajui mnasema nini, na wana haki ya kushuku. Kubwa kuliko hilo: msihurumiane. Kumwachia rafiki dau, au kukubaliana kutopandishiana, ni wizi kwa wengine waliokaa pale. Kama hamuwezi kupigana kwa haki, kaeni meza tofauti.

Wewe ni mwanamke, na mwanamke mezani atakutana na lake. Wengi pale ni wanaume, na wapo watakaojitolea kukuelekeza huku unacheza. Karata za mtu mmoja huchezwa na mtu mmoja. Mwambie mgawaji tu, ni kazi yake kukomesha. Wapo pia watakaokutisha kwa dau kubwa wakidhani utakimbia. Hao wangoje ukiwa na karata nzuri. Mtu akivuka mpaka kwa maneno au mikono, ita msimamizi wa ukumbi papo hapo. Mimi nimesimamisha mchezo kwa jambo hilo, na kila mgawaji mwenye akili atafanya vivyo hivyo.

Usikopeshe mtu pale, mwanangu. Najua ulivyolelewa, najua mkono wako ni mwepesi. Mwenyeji mwenzako aliyeishiwa atakuomba dola 100 mpaka Ijumaa ijayo, na ataomba kwa heshima. Mnunulie chakula, zungumza naye. Ukimpa fedha ya kuchezea umemsaidia kushindwa zaidi, na wiki ijayo atakukwepa.

Ukitoka zamu ya usiku usiende. Hili sikuombi. Unajua mwenyewe dawa huzipimi ukiwa umechoka bila kurudia mara mbili. Mezani hakuna wa kukuhakikishia.

Sasa la nyumbani. Upande wa mama yako msimamo wao unaujua: kamari ni haramu, Qurani imeitaja pamoja na ulevi katika Sura Al-Maida, aya ya 90, na kwao poka ni kamari hata kama ina ufundi. Mama yako aliishi na kazi yangu bila kuipenda, na tulikuwa tunalizungumza. Sitakuchagulia upande, wewe ni mtu mzima na una dhamiri. Ninachotaka ni kwamba usimfiche. Mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa binamu yako. Atakasirika, kisha mtazungumza. Niliowaona wakizama walianza wote na uongo mdogo wa wapi walikuwa Ijumaa usiku.

Ikitokea siku umeanza kudanganya kiasi ulichopoteza, au unafikiria klabu ukiwa wodini, piga 1-800-GAMBLER, simu ya msaada kwa waliozama katika kamari, ni bure, halafu nipigie mimi hata kama huku ni usiku wa manane. Jimbo lina fomu ya mtu kujizuia mwenyewe asiingie klabu. Waliojaza niliwaheshimu.

Nunua daftari. Kila ukitoka andika tarehe, saa ulizokaa, ulichonunua, ulichotoka nacho. Usiruke siku mbaya. Baada ya miezi mitatu piga picha kurasa zote unitumie, tuzipitie pamoja kwa simu, tuone kiti kinakugharimu nini hasa na kama bado unakitaka kwa bei hiyo.

Kuna mawili hukuniambia: klabu hiyo inatoza dola ngapi kwa raundi, na kwenye meza unayokaa mtu ananunua chipu za kuanzia kiasi gani? Niandikie kabla ya Ijumaa, hesabu yangu ya hapo juu niirekebishe.

Ni mimi baba yako.