Jibu: Mzee amestaafu, SHA (mamlaka ya bima ya afya ya Kenya) inaonyesha hajalipiwa

Pole ndugu. Baba yako alikatwa mchango kwenye mshahara miaka yote, na sasa kaunta ya hospitali wanasema hana bima. Kwanza piga *147# utazame kama bado ameandikwa mwajiriwa. Ile 2.75% ya mshahara hukoma kazi ikikoma; baada ya hapo hupimwa uwezo wa kaya na mchango hulipwa wa mwaka mzima. Mamangu naye alikwama hatua hiyo hiyo, sukari imepanda, kadi ya kliniki imelowa jasho mkononi. Tulipolipa, kitanda kikalipiwa, ila dawa za kila mwezi tuliendelea kununua wenyewe Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Kama Baba ana presha, mpeleke zahanati ya serikali iliyo karibu: huko kutibiwa na kurudi nyumbani kunataka usajili tu. Pensheni ikiingia, tenga ya dawa kabla ya chochote.