Programu ndogo za kompaila zikae wapi kwenye mti?

Kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) ya lugha ya Ada, kama GNAT, hujiandikia programu ndogo ambazo hazimo kwenye faili yako: ya kulinganisha rekodi mbili, ya kuzipa thamani za mwanzo, ya kuzigeuza maandishi. Kuzalisha miili yake, yaani msimbo unaotekelezwa, si kazi kubwa. Kinachosumbua ni mahali pa kuipachika kwenye mti, yaani muundo wa nodi ambamo kompaila huhifadhi programu yako. Hatua za mwisho za kompaila hupitia matangazo kuanzia juu kwenda chini, na jina likitumika kabla ya kutangazwa, kompaila yenyewe inaweza kuanguka.

Tuseme sako ya matatu za Kawangware ina programu yenye aina ya data Nauli, na rekodi Safari inayobeba Nauli ndani yake. Kulinganisha Safari mbili ni kulinganisha pia Nauli zake, kwa hiyo ulinganishi wa Nauli lazima utangulie.

Kishawishi ni kupachika mara tu baada ya tangazo la aina. Hapo ni mapema mno: mwandishi bado anaruhusiwa kuongeza vipengele vya uwakilishi (maelezo ya jinsi aina inavyohifadhiwa kwenye kumbukumbu), au kujiandikia "=" yake. Subiri aina igandishwe, yaani ifikie mahali ambapo uwakilishi wake hauwezi tena kubadilishwa. Kanuni zake ziko kifungu cha 13.14 cha mwongozo wa Ada, na kwa maoni yangu hakuna kifungu kinachostahili kusomwa kwa makini kuliko hicho. Rekodi ikigandishwa, aina za sehemu zake nazo hugandishwa, kwa hiyo mpangilio wa Nauli kisha Safari utaupata bila kupanga kwa mkono. Programu ndogo zinazoitana zenyewe kwa zenyewe zitangaze zote kwanza, miili ifuate.

Hata mahali pakiwa sahihi, mpangilio unaweza kugeuka kichwa chini. Ukipachika A baada ya nodi fulani, kisha B baada ya nodi ileile, B inatangulia A. Shikilia nodi uliyoipachika mwisho na uendelee kutoka hapo, au pachika zote kabla ya nodi inayofuata. Na kama unapachika huku ukiipitia orodha hiyohiyo, hakikisha kila nodi mpya imechanganuliwa (majina na aina zake kutambuliwa) mara moja tu.

Angalia pia eneo la majina, yaani sehemu ya programu ambamo jina linatambulika. Paketi (kifurushi cha matangazo) iliyo ndani ya nyingine ikitangaza kitu cha aina Safari, aina hiyo hugandishwa humo ndani ilhali makao yake ni paketi ya nje. Rudi kwanza kwenye eneo la nje, changanua programu ndogo, ndipo urejee ulipokuwa. Usipofanya hivyo, jina linalofanana lililomo ndani litachukuliwa badala ya lile la nje, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya.

Kukagua, endesha GNAT kwa -gnatG. Huchapisha mti uliopanuliwa kwa sura ya Ada, na jicho litaona papo hapo mwito uliotangulia tangazo lake. Tangazo likiwapo lakini mwito ukatekelezwa programu inapoanza kabla mwili haujafikiwa, programu itakompailiwa vizuri kisha itoe kosa la Program_Error inapoendeshwa. Hapo usiguse tangazo, sogeza mwili juu ya mwito wa kwanza.