Parokia yetu ilianza lini hasa? Majibu ya maswali yenu

Maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanatoka kwenye parokia za Katoliki za pembeni mwa Dar, huko ambako zamani si ndefu palikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo na leo Misa ya pili watu wanasikilizia nje kwenye turubai. Haishangazi, mkoa wetu sensa ya 2002 ulikuwa na watu kama milioni 2.5 na ya 2022 ikatuhesabu 5,383,728, na hao wote hawajajazana Kariakoo, wamejenga Goba, Kinyerezi, Chanika, Bunju, Mbagala huko ndani. Sasa wanataka kujua kanisa lao limetoka wapi. Nafurahi sana, twende.

Tunaandaa jubilei ya miaka 25 lakini kamati imegawanyika. Wazee wanataka tuhesabu tangu kigango, paroko anasema tangu tulipokuwa parokia. Nani yuko sahihi? (Goba)

Kwa jubilei ya parokia, paroko yuko sahihi. Parokia inazaliwa siku askofu anapotoa hati ya kuiunda, kabla ya hapo mlikuwa kigango, yaani tawi la parokia nyingine (parokia mama), hata kama mlikuwa na kanisa zuri na kwaya tatu. Ila wazee wenu nao hawajakosea, wao wanaongelea historia, na historia ilianza siku ya ile Misa ya kwanza chini ya mwembe au kwenye darasa la shule ya msingi. Kwa hiyo jubilei fanyeni kwa tarehe ya hati, lakini kile kitabu mnachoandika kianzie kwa wazee, na tafadhali msikiharakishe hicho kipande kwa aya moja halafu mkaruka kwenye picha za mapadre. Halafu kuna tarehe ya tatu watu huwa wanaichanganya, ya kutabaruku kanisa, yaani kuliweka wakfu, ambayo inaweza kuja miaka mingi baada ya watu kuanza kusali humo. Hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale mjini walianza kulijenga 1897, likakamilika 1902, kutabarukiwa ni 1905. Andikeni zote tatu, kila moja na jina lake, ugomvi utaisha.

Kigango kinageukaje kuwa parokia? Sisi tumeshazidi parokia mama kwa wingi na bado tunasubiri. (Kinyerezi)

Wingi peke yake hautoshi ndugu yangu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 515, inasema mwenye mamlaka ya kuunda parokia ni askofu wa jimbo peke yake na lazima kwanza alisikilize Baraza la Mapadre. Kiuhalisia anaangalia je kuna nyumba ya mapadre, kuna kiwanja chenye karatasi zinazoeleweka, waumini wanaweza kumtunza padre na kuendesha ofisi, na zaidi ya yote je ana padre wa kuwapa. Ndo maana sehemu nyingi mnapitishwa kwanza kwenye hatua ya parokia teule, mnajiendesha kama parokia huku mkimalizia yaliyobaki.

Ila kitu ambacho watu hawakisemi vya kutosha ni jumuiya. Maaskofu wa ukanda wetu kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikubaliana miaka ya 1973 na 1976 kwamba Kanisa lijengwe kuanzia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani kaya chache za majirani zinazosali pamoja, na huku pembeni ya mji uamuzi huo umezaa matunda ambayo sidhani hata wao waliyategemea. Mtu anahamia kwenye pagale lisilo na umeme, hamjui mtu, Jumamosi alfajiri anasikia wimbo nyumba ya tatu, anaenda, keshapata ndugu, na hao hao ndo watakaochanga mabati, watakaomfundisha mtoto wake katekisimu na watakaomzika. Mkiwa na jumuiya zilizo hai mmeshakuwa parokia kwa asilimia kubwa, hati itakuja. Zikiwa zimekufa, hata mkipewa padre kesho atakuta majengo tu.

Nilibatizwa kigangoni miaka ya tisini, sasa ni parokia. Nataka kufunga ndoa na wanataka cheti cha ubatizo, niende wapi? (Mbagala)

Nenda parokia mama, daftari lililoandikwa jina lako ndo liko huko na halihamishwi kigango kinapopanda. Na ukishafunga ndoa hakikisha taarifa inarudi kwenye hilo hilo daftari, maana kipaimara na ndoa vyote vinaandikwa pembeni ya jina lako pale pale.

Kiwanja cha kanisa tulipewa kwa mdomo na mzee mwenyeji, ameshafariki, wajukuu wameanza maneno. (Chanika)

Hili msilikalie. Nendeni kwa paroko, naye alifikishe jimboni kwa Bodi ya Wadhamini, maana mali za parokia kwa serikali zinasimama kwa jina la wadhamini wa jimbo na sio la mwenyekiti wa kigango. Tafuteni mashahidi walio hai waandike maelezo mbele ya mwanasheria, mwoneni mwenyekiti wa mtaa, na upimaji ufanyike. Na kaeni na hao wajukuu kwa heshima. Babu yao alitoa ardhi, saa ingine mtu wa namna hiyo alikuwa Muislamu kabisa na hakudai kitu, halafu kwenye historia ya parokia jina lake halipo hata mstari mmoja. Hapo mimi nawaelewa wakinung'unika.

Ni kweli Ukatoliki wa Dar ulianzia Pugu na sio Posta? (Gongo la Mboto)

Kweli kabisa, yaani sisi wa pembeni ndo tulitangulia. Watawa Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika 1888 wakaweka misheni yao Pugu milimani, na Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani misheni ikavamiwa na wamisionari watatu wakauawa, mabruda wawili na sista mmoja. Baada ya hapo ndo kazi ikahamia mjini. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani, na 1921 wakaja watawa Wakapuchini wa Uswisi, ndo hao walioliongoza Kanisa la hapa hadi enzi za Askofu Mkuu Edgar Maranta. Mwaka 1968 nafasi yake akaichukua Kadinali Laurean Rugambwa, kadinali wa kwanza Mwafrika, akakaa hadi 1992, kipindi ambacho mji ulitanuka vibaya mno na vigango vingi mnavyovijua vikaota. Kama hamjawahi kwenda hija Pugu nendeni na watoto.

Sasa hivi tuko Jimbo la Bagamoyo. Historia yetu ya Dar imefutika? (Hakutaja parokia)

Haijafutika. Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo Machi 2025 kwa kumega Dar es Salaam na Morogoro, askofu wa kwanza akiwa Stephano Musomba aliyekuwa askofu msaidizi wa Dar. Sakramenti zenu, madaftari yenu, hati yenu ya kuundwa vinabaki vilivyo. Na kumbukeni Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, miaka ishirini kabla ya Pugu, kwa hiyo mmerudi nyumbani kwa bibi.

Bibi zetu wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) walioanzisha kigango wanachanganya miaka, tufanyeje? (Bunju)

Msiwaulize mwaka, waulizeni matukio. Ilikuwa kabla au baada ya Papa Yohane Paulo wa Pili kuja, hiyo ni Septemba 1990. Mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, kanisa lilikuwa na paa au bado? Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999 mlisali wapi? Utashangaa zinavyonyooka. Rekodini kwa simu, wakae wawili wawili maana mmoja akisahau mwenzake anamrekebisha, kisha linganisheni na daftari la ubatizo la parokia mama na stakabadhi za michango kama zipo. Anzeni na mwenye umri mkubwa zaidi, na anzeni wiki hii.