Miche ya Bustani: Tununue Wapi, Tutazame Nini?

Swali: Kuanzia Gede hadi mjini Malindi wauza miche wamejipanga kando ya barabara, na bei zao hazilingani. Nitamjuaje mwenye mche mzima? (Msomaji, Mambrui)

Jibu: Mche hukaguliwa mizizi kabla ya majani, kwa kuwa majani yanaweza kukolezwa rangi kwa mbolea ya dukani siku chache tu kabla ya kuuzwa. Mwombe mwenye kitalu ruhusa ya kuulegeza mfuko, uone kama mizizi ni myeupe na imeshika udongo, au imekwisha kuzunguka chini kwa kukaa kitaluni muda mrefu. Niliwahi kununua midimu mirefu, ya bei nafuu, kwa mchuuzi wa gari ambaye sikumwona tena. Mmoja ulipokauka katika mwaka wa pili niliung'oa, nikakuta mizizi imejisokota kama kamba ya jahazi, ingali na umbo la mfuko. Tangu hapo nachagua mche mfupi wenye shina nene.

Geuza pia majani. Ukiona unga mweupe upande wa chini, na chungu wakipanda na kushuka shinani, hao ni vidung'ata, na chungu wamefuata utamu wanaoutoa. Usiupeleke mche huo nyumbani hata ukipewa bure, maana kidung'ata wa mpapai, aliyeonekana Pwani ya Kenya mwaka 2016, huhamia mimea mingine mingi.

Kwa miti ya kivuli na ya kuzuia upepo, kama vile mvinje na mwarobaini, ulizia kwanza katika kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI kilichoko Gede. Kwa matunda, mwulize mwenye kitalu kama amesajiliwa na kukaguliwa. Mwenye cheti huwa haoni taabu kukionyesha.

Swali: Mwembe uliounganishwa unauzwa ghali kuliko ule wa kokwa. Je, tofauti hiyo ina maana? (Msomaji, Watamu)

Jibu: Ina maana kubwa. Mwembe wa kokwa huweza kukuweka miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, ilhali uliounganishwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na tunda lake ni lile lile la mti uliotoa kikonyo, yaani kile kitawi kilichounganishwa juu ya shina la mche. Kwa hiyo uliza kikonyo kilikatwa wapi, na ikiwezekana uonyeshwe mti wenyewe, uwe ni Ngowe, Boribo au Apple. Tafuta kovu la maungio shinani: liwe limefunga vizuri, lisitikisike, na utakapopanda usilifukie. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kovu anakuuzia mche wa kokwa kwa bei ya uliounganishwa.

Swali: Nataka asumini na mrehani. Je, nivinunue Malindi nivilete kwa boti? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

Jibu: La, dada yangu, usinunue. Omba vipande kwa jirani: cha asumini kiwe na urefu wa penseli, kikatwe chini kidogo ya kifundo, kipandwe kivulini katika mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Mmea uliokwisha kuzoea chumvi ya Lamu ni bora kuliko wa kitalu cha mbali. Ikiwa ni lazima uvushe mche kutoka Mokowe, ufunike kwa gunia lenye unyevu usipigwe na rasharasha za maji ya bahari, kisha uuweke kivulini siku chache kabla ya kuupanda.

Swali: Fedha zangu ni kidogo, nami nataka mipapai. Nianzie wapi? (Msomaji, Maweni)

Jibu: Subiri mwanzo wa masika, mwezi wa Aprili, ili mvua ikusaidie kumwagilia. Chagua miche yenye urefu wa shubiri moja, ambayo ni rahisi na hushika upesi kuliko mirefu. Panda mitatu katika kila shimo, kwa kuwa mpapai dume haujulikani mpaka utoe maua. Ukiona maua yananing'inia kwa vikonyo virefu vyenye matawi, huo ndio dume: ung'oe, ubakishe mmoja unaozaa.