Kachiri mpya na pesa zilizolala

Mwanangu,

Umeniuliza mbona biashara ndogo hapa Mombasa zina mawazo tele lakini hazitoi kitu kipya, na yako imekwama kwenye kachiri zile zile, vipande vyembamba vya mhogo vya kukaanga, ilhali wataka kuuza za pilipili na ndimu kwenye pakiti. Mawazo si tatizo. Pesa ya kujaribia na pesa ya mzigo ziko mfuko mmoja, kwa hivyo jaribio likiharibika leo, kesho hakuna mafuta.

Tenga kilo mbili za mhogo kila wiki, uzihesabu kama gharama hata zikitupwa. Halafu badilisha kitu kimoja tu kwa mara. Ukibadilisha mafuta, unene na viungo pamoja, hutajua kilichoharibu ni kipi. Ndimu ya maji, ile anayokamuliwa mteja wa kula papo hapo, haifai pakiti, hulainisha kachiri. Tumia ya unga, uchanganye na chumvi na pilipili iliyosagwa laini, unyunyize zikiwa bado moto ndipo ishike. Kisha zipoe kabisa kabla ya kufunga, maana mvuke ukibaki ndani hugeuka maji. Weka pakiti tano kabatini na tano penye mwanga, uonje kila wiki. Mafuta huchacha upesi kwa mwanga na hewa, na hapo ndipo utajua uandike tarehe gani ya mwisho, badala ya kunakili ya mwenzio.

Mifuko ya kuchapisha usiagize sasa. Mchapaji atataka uchukue maelfu, na KEBS, shirika la viwango la Kenya, wakisema lebo irekebishwe, yote hasara. Anza na stika: jina, uzito, viambato, tarehe, nambari ya bechi (yaani ya mkupuo uliokaangwa pamoja), anwani.

Supamaketi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Pakiti 200 kwa wiki, shilingi 50 moja, ni 10,000. Wakilipa baada ya siku 60, watakuwa na mizigo yako tisa ya wiki, yaani 90,000, hujashika hata senti, na mkopo wa kuziba pengo hilo utakula faida yote. Peleka kwanza maduka kumi hivi ya Kongowea na Nyali yanayolipa taslimu, hata wakikushusha bei kidogo.

Jina la bidhaa lisajili mapema KIPI, ofisi ya serikali inayosajili alama za biashara. Ulinzi wake ni miaka 10, na huongezwa. Ladha wataiga tu, hilo huliwezi.

Kabla hujanunua mashine ya kukatia, nitumie hesabu ya kilo moja: mhogo, mafuta, gesi, pakiti na mshahara wako mwenyewe. Huo mshahara usiuache nje.

Mamako