Muulize Mjomba: Baba anataka daktari, mi nataka kupima moyo

Safari hii zimekuja barua tatu na zote zinaenda upande mmoja. Mjomba mwenyewe kazi hii ya kupima mioyo na mapafu nimeifanya miaka mingi kabla sijakaa kujibu maswali yenu, kwa hiyo ya kwanza nitaongea sana, mnisamehe. Hizo mbili zinazofuata fupi.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi ni binti wa Masasi, nimemaliza form six kombi ya PCB na nimepata division two. Mwaka jana bibi yangu alikuwa anavimba miguu na akitembea kidogo tu anahema, tukampeleka hospitali wakasema akapige eko. Aliyempima hakuwa daktari wala nesi, alikuwa dada mmoja kakaa kwenye chumba cha giza na mashine yake, akamlaza bibi kwa ubavu wa kushoto akawa anampitishia kidude chenye jeli kifuani, mi nimesimama pembeni naona moyo wa bibi unacheza kwenye skrini, milango inafunguka na kufunga. Nikamuuliza dada umesomea nini akasema fiziolojia ya kliniki, kasomea nje. Tangu siku hiyo sina raha. Baba anasema kazi hiyo hajawahi kuisikia, nisome udaktari au nikashike shamba la korosho. Hii kozi ni kitu gani hasa, inasomwa wapi, na nikirudi Mtwara ajira ipo? – Binti wa Masasi

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na bibi mpe pole yangu.

Fiziolojia ni habari ya mwili unavyofanya kazi, na ikiitwa ya kliniki maana yake unaipima hiyo kazi kwa mgonjwa aliye hai mbele yako, siyo kwenye kitabu. Usichanganye na fiziotherapia, najua ukishalisema hilo jina hapo Masasi jirani wa kwanza atakuja na goti lake. Daktari ndo anauliza, huyu bibi moyo wake unasukuma vizuri? Mlango gani umebana? We ndo unamletea jibu lenye picha na namba. Dawa huandiki.

Matawi yapo kadhaa na vyuo vingi vinakutaka uchague moja. Kuna moyo, yaani ECG (mchoro wa umeme wa moyo), eko (picha ya moyo kwa mwangwi wa sauti), kile kimashine mgonjwa anavaa anaondoka nacho nyumbani saa 24, na kukagua betri zinazopandikizwa kuendesha mapigo ya moyo. Kuna mapafu na usingizi. Kuna ubongo na neva, wale wanaopima EEG, mchoro wa umeme wa ubongo, kwa watu wenye kifafa. Kuna masikio, kuna mishipa ya damu, kuna hata wanaopima koo na tumbo linavyosukuma chakula.

Ngoja nikupe mfano wa kwetu ndo utaelewa vizuri. Unamjua mzee ambaye kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua yeye kabeba mashine mgongoni anapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, hana barakoa, kajifunga kitambaa tu, miaka 20 hivyo hivyo. Anakuja anasema kifua kinabana. Sasa ni pumu, ni moyo, ni sigara zake, au ni umri tu? Unamkalisha kwenye spairomita, mashine ya kupima pumzi, unambana pua kwa kibanio, unamwambia mzee vuta hewa yote mpaka basi, haya sasa puliza kwa nguvu, puliza, endelea, endelea, usiache! Mashine inaangalia hewa yote aliyotoa na inaangalia katika ile sekunde ya kwanza peke yake ametoa kiasi gani. Kwa kawaida sekunde ya kwanza inatoka asilimia 70 na zaidi ya hewa yote, ikiwa chini ya hapo mirija imebana. Unampa dawa ya kuvuta ya kufungua mirija, mnasubiri kama dakika 15, unampima tena, ikipanda vizuri daktari anaanza kuifikiria pumu. Kipimo hiki siyo kigeni, Mwingereza John Hutchinson alikitangaza London mwaka 1846 na wazo ni lile lile mpaka leo.

Sasa sikiliza hapa maana hapa ndo kazi ilipo. Mashine haiwezi kumlazimisha mzee apulize. Akipuliza kivivu utapata namba nzuri kabisa kwa kuziangalia na zote ni za uongo, na daktari atamtibu kwa huo uongo. Kwa hiyo unapiga kelele, unamshangilia kama uko uwanjani Nangwanda, na kama ni bibi wa Kimwera ambaye Kiswahili kinamkwama unamwambia kwa Kimwera. Nimeona watu wenye GPA za kutisha wanashindwa hapa, na nimeona mtoto aliyekua anauza samaki na mama yake feri anapata kipimo safi kwa mara ya kwanza.

Na mi mwenyewe nikwambie aibu yangu. Nikiwa fildi mwaka wa kwanza nilibandika ECG ya baba mmoja, waya wa mkono wa kulia nikauweka kushoto na wa kushoto nikauweka kulia, nikatoa karatasi nikapeleka kwa mbwembwe. Daktari kijana akaiona lidi ya kwanza, yaani mchoro wa kwanza kwenye karatasi, imepinduka kichwa chini akaanza kusema huyu mtu moyo wake uko upande wa kulia, wakaanza kuitana. Msimamizi wangu akaja akaangalia zile lidi sita za kifuani akakuta mawimbi yake yanakua kama kawaida kutoka ya kwanza kwenda mbele, akaniangalia. Maana moyo ungekuwa kulia kweli na za kifuani zingeharibika. Hakunigombeza hata, alisema tu karudie. Yule baba kwa nusu saa aliamini ana moyo wa ajabu, na kosa ni la waya mbili.

Kwenye masomo ujue fizikia haikuachi. Waliokimbilia baiolojia wakidhani fizikia imeishia form six wanalia mwaka wa kwanza, mawimbi ya sauti, umeme, mgandamizo, vyote vinarudi. Eko ni mwangwi wa sauti usiyoisikia, ilianzia Sweden mwaka 1953 kwa daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz, unaona wenyewe walikuwa wawili, mmoja wa wagonjwa mmoja wa fizikia. Na ECG aliyeifanya iwe kitu cha maana ni Mholanzi Willem Einthoven, akapewa Nobel mwaka 1924, na wagonjwa wa kwanza walikuwa wanatumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Chumvi ya kwetu ingefaa kabisa.

Wapi sasa. Uingereza inaitwa digrii ya sayansi ya afya, miaka 3, na ndani yake kuna fildi hospitalini kama wiki 50 ukijumlisha miaka yote. Swansea kule Wales ni moja ya vyuo vinavyofundisha. Lakini kabla hujaanza kuota theluji waandikie uwaulize swali moja, je mwanafunzi wa kutoka nje mnampa nafasi ya fildi? Maana hizo nafasi ni za hospitali zao na ni za kugombania, na digrii ya kazi hii bila fildi ni sawa na leseni ya udereva ya mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Halafu ada ya mgeni kule siyo ya kuuza magunia mawili.

Mimi ningekuwa wewe ningeangalia kusini kwanza. Afrika Kusini kazi hii wanaiita teknolojia ya kliniki, ni digrii ya miaka 4, ipo kwenye vyuo vikuu vyao vya teknolojia kama kile cha Durban, na ukimaliza unasajiliwa na baraza lao la HPCSA. Wana matawi ya moyo, mapafu, neva, figo, wagonjwa mahututi, mpaka wale wanaoendesha mashine inayoshika kazi ya moyo wakati wa upasuaji.

Hapa nyumbani fungua gaidibuku ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uisome mwenyewe, usisomewe na mtu wa stesheneri. Ukikosa jina hilo hilo angalia ndugu zake, kwa mfano Bugando Mwanza wana digrii ya imejing na radiotherapi, yaani picha za mwili na tiba ya mionzi, siyo kazi ile ile ila picha na mashine utazipata na mlango wake wa ajira unajulikana.

Ajira. Hapa sikudanganyi mpwa. Vipimo vinahitajika, moyo ulioharibika milango kwa sababu ya homa ya utotoni iliyoanza na koo tu kuuma bado tunao sana, presha ndo usiseme. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar tangu 2015, na Mtwara sasa tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, siyo kama zamani kila mwenye moyo anapandishwa basi zaidi ya kilomita 500. Lakini mgonjwa kukuhitaji ni jambo moja na serikali kuwa na kiboksi cha kukuweka ni jambo lingine. Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, nenda na jina kamili la kozi ukawaulize TCU kama digrii ya chuo hicho wanaitambua, halafu uliza wizarani ukirudi ni baraza gani litakusajili na cheo chako kwenye utumishi kitaitwaje. Majibu yaje kwa maandishi. Nina rafiki yangu alirudi na digrii safi akakaa miezi anazungushwa, kila ofisi inamwambia wewe siyo wa hapa, mwisho wakamwingiza kwa jina la fundi wa kitu kingine kabisa.

Baba usigombane naye. Mwombe siku moja akusindikize bibi akienda kliniki, amwone yule dada kwenye kile chumba. Udaktari pia siyo mbaya ujue, kama utapata, ila usiende huko kwa sababu ya jina tu halafu uchukie wodi.

SWALI: Mjomba, mimi ni mzazi wa Newala. Kijana wangu yupo Uingereza anasoma hiyo fiziolojia mwaka wa mwisho, nimeuza korosho misimu mitatu. Sasa ananiambia akimaliza kuna mafunzo mengine miaka mitatu. Huyu atakuwa daktari lini? Au ananichezea? – Baba wa Newala

JIBU: Hakuchezei mzee wangu, na daktari hatakuwa, samahani kama hakukwambia mapema. Akimaliza digrii yake anaweza kufanya kazi ya kupima moja kwa moja. Hiyo miaka 3 mingine ni ngazi ya juu, ya kuitwa mwanasayansi wa kliniki, jina ambalo kule linalindwa na sheria na lazima usajiliwe na baraza lao la HCPC. Habari njema ni kwamba anayepata nafasi hiyo anasoma huku kaajiriwa na analipwa mshahara, kwa hiyo korosho za msimu ujao weka bati. Ila kuipata ni mchujo mkali, akikosa mara ya kwanza usimseme. Na kama ataingia kwenye eko atakwambia anakusanya kesi, mwamini, cheti cha chama chao cha eko kinataka kitabu chenye wagonjwa 250 aliowapima mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Mjomba, mi mtoto wa Lindi mjini, niko nje nasoma mwaka wa pili tawi la moyo. Darasani niko vizuri ila fildi mikono inatetemeka, hasa ECG ya mama mtu mzima, kumwambia afungue kifua naona aibu nabandika haraka haraka halafu msimamizi anasema za kifuani zimekaa juu mno. Nifanyeje? – Kijana wa Lindi

JIBU: Marahaba. Aibu yako ni malezi, usiitupe, ila usiiruhusu ishike waya.

Anza kabla ya kumgusa. Jitambulishe, mwambie utabandika vitu 10, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, haviumi, havirushi umeme. Muulize kama angependa awepo mwanamke chumbani. Halafu mpe khanga au shuka ajifunike mwenyewe, wewe unafunua pale unapofanyia kazi tu.

Za kifuani unakosea kwa sababu unaangalia ziwa badala ya mbavu. Tafuta kwa kidole kile kinundu juu ya mfupa wa kati wa kifua, hapo ubavu wa pili, shuka uhesabu nafasi za kati ya mbavu mpaka ya nne, lidi ya kwanza inakaa kulia kwa mfupa na ya pili kushoto. Lidi ya nne iko nafasi ya tano, mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Ya tatu inakaa kati ya ya pili na ya nne, kwa hiyo ibandike baada ya ya nne, siyo kabla. Ya tano na ya sita zinaenda usawa wa ya nne kuelekea kwapani. Kwa mama mwenye maziwa makubwa ya nne inakaa chini ya ziwa, unaliinua kwa mgongo wa mkono na siyo kiganja, au unamwomba aliinue mwenyewe, wengi wanapenda hivyo.

Na waya za mikono na miguu soma herufi, usisome rangi. Mashine za Ulaya nyekundu ni mkono wa kulia, ukikutana na ya Kimarekani nyekundu ni mguu wa kushoto, na hospitali zetu nyingi mashine ni za msaada, zimetoka kila upande.